Uhura, dada mwenye jina letu

Hapa Lac Vert, kama umeme uko, jioni tunaangaliaka Star Trek, zile filme za televisheni za 1966 mpaka 1969. Ndani kuna dada mweusi, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina limetoka kwa neno letu "uhuru". Ni ofisa, anashika mawasiliano ya chombo cha angani. Nichols alipotaka kuacha, Martin Luther King mwenyewe alimuomba abaki.

Lakini angalia vizuri. Kapiteni Kirk anapenda mwanamke huyu, kesho mwingine kwa sayari ingine, na anabaki shujaa. Kwa sehemu ya mwisho, ya 1969, mwanamke aliyempenda zamani analalamika kwamba wanawake hawapewi ukapiteni. Filme inamuonyesha kama mwenda wazimu! Watu wamefika kwa nyota, lakini mwanamke anayetaka kitu bado anaogopesha. Kapiteni mwanamke, Janeway, aliongoza filme yake 1995 tu.

Sketi fupi ya Uhura nayo inaletaka mabishano. Mimi siilaumu mbio: wasichana wengi wakati ule waliivaa kama uhuru, na kwetu, miaka ya 1970, Mobutu alikataza wanawake suruali. Naulizaka tu, nani aliamua?

Kwa staji yetu ya agronomia, vijana tulipewa kupima shamba, wasichana wa lisansi ileile wakapewa kuandika majina ya wakulima. Mmoja wao alichukua mita, akaingia shambani bila kuuliza mutu.