Reli ya Mbale na Haki ya Abiria wa Busiu

Msafiri atokaye Tororo kwenda Mbale huupita mji mdogo wa Busiu, ulio katika nchi ya tambarare magharibi ya Mlima Elgon, mlima ambao wenyeji wake Wagisu huuita Masaba. Na reli iendayo Mbale, iliyotandikwa pande hizo zamani za babu zetu, ingali ipo, ingawa ni miaka mingi tangu garimoshi la abiria lilipokoma kupita juu yake. Mtu wa Busiu mwenye shughuli Jinja, awe mgonjwa, mwanafunzi au mchuuzi, hana budi kupanda basi au teksi ya viti 14, na kila bei ya mafuta ipandapo nauli yake hupanda nayo. Kwa kuwa sasa njia hiyo inatengenezwa upya, ni wajibu kuuliza waziwazi: katika hesabu za kazi hii kubwa, abiria amewekwa wapi?

Asili ya reli hii ni pamba. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, shehena za Uganda zilivushwa Ziwa Viktoria kwa meli. Na mwaka 1912 ikafunguliwa njia fupi ya Jinja hadi Namasagali, ili kuipokea pamba iliyoletwa na meli za Ziwa Kyoga. Baadaye reli kutoka Nakuru iliingia Tororo na kufika Jinja mwaka 1928. Mwaka uliofuata tawi la Tororo likafika Soroti kwa kupitia Mbale. Na daraja la mto Nile pale Jinja likaiunganisha Kampala mwaka 1931. Wakoloni walitafuta tijara, lakini raia nao walinufaika, kwa maana garimoshi lililobeba marobota ya pamba lilivuta pia mabehewa ya abiria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na reli yake peke yake, katika zama za vita na uhaba wa fedha. Na katika miaka ya 1990 safari za abiria zikakoma, hata treni ya Kampala na Namanve iliporejeshwa mwaka 2015.

Yafaa msomaji ajue namna reli inavyochakaa na inavyofufuliwa. Vyuma viwili, vilivyotengana kwa meta 1, hufungwa juu ya mataruma, nayo mataruma hulazwa juu ya tabaka la kokoto, ambalo huutawanya uzito wa treni na kuyapitisha maji ya mvua yasituame. Mifereji ikiziba, tope hupanda ndani ya kokoto, mataruma hucheza, vyuma hupinda, na dereva huamriwa aende polepole mno, au njia ikafungwa kabisa. Katika nchi ya Mbale hatari hiyo ni dhahiri, kwani maji ya Elgon hushuka kwa nguvu: mwezi wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuangamiza roho za watu. Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza na makalavati na madaraja, ndipo hubadili mataruma yaliyooza na yale yaliyoibwa yakauzwa kama vyuma chakavu.

Mwaka 2023 kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilikabidhiwa kazi ya kuitengeneza njia ya Tororo hadi Gulu, ipitayo Mbale, yenye urefu wa kilometa 375 hivi. Na mwaka 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, wa kujenga reli mpya ya upana wa kimataifa, kilometa 272, kutoka Malaba hadi Kampala. Katika mazungumzo ya njia ya Gulu, neno linalotajwa aghalabu ni shehena. Shehena ina manufaa yake makubwa, kwa kuwa kila tani iendayo kwa reli huipunguzia barabara mzigo; lakini reli isiyo na stesheni yenye uhai huzipitisha mali mbele ya macho ya watu bila kuwachukua wenyewe.

Stesheni ya mji mdogo haihitaji fahari. Yahitaji jukwaa lililo sawa na mlango wa behewa, ili bibi kizee na mama mwenye mtoto mgongoni wapande bila kuinuliwa. Yahitaji pia paa la kuzuia jua na mvua, taa, maji, vyoo safi, karani wa tiketi, na ratiba inayotimizwa. Wala hili si jambo gumu kwetu, maana jirani zetu wa Kenya, kwa reli za upana huuhuu wa meta 1, waliwarudisha abiria Nanyuki mwaka 2020 na Kisumu mwaka 2021.

Basi wakati wa kudai ni sasa, wakati mafundi wangali kazini, kwani jukwaa linalojengwa pamoja na njia ni rahisi kuliko lile litakaloombwa baadaye. Wawakilishi wa Mbale na Tororo waombe treni ya abiria ya kila siku, itokayo Mbale asubuhi, ikisimama Busiu na Tororo, iende mpaka Jinja na kurudi jioni. Na Tororo itengenezwe tangu mwanzo kuwa mahali ambapo msafiri wa reli ya zamani atahamia reli mpya bila taabu. Njia inayogharimiwa na umma ina wajibu wa kuuhudumia umma, na wajibu huo unatimia pale raia wa mji mdogo anapoweza kukata tiketi mjini kwake.