Kabureta Safi Huokoa Petroli

Ndugu mkulima, siku ya soko pikapu yako kuukuu yashuka kutoka Timau na magunia ya viazi. Ufikapo Bulla Pesa, mjini Isiolo, injini yakohoa, kisha yazimika. Wanunuzi wanakwenda kwa mwenzako, na faida ya safari imepotea. Mara nyingi kosa ni uchafu ndani ya kabureta, nao waweza kuutoa wewe mwenyewe.

Kwanza tazama plagi, chujio la petroli na chujio la hewa. Vumbi la Isiolo huziba chujio la hewa upesi, na injini ikikosa hewa hunywa petroli nyingi.

Zikiwa safi, fungua kabureta. Fanya kazi nje, injini ikiwa baridi na betri imefunguliwa waya. Asivute mtu sigara, wala jiko lisiwe karibu. Weka vipande juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu ulivyovitoa. Skrubu ya mchanganyiko ihesabu mizunguko yake hata ikome ndani, uandike hesabu hiyo.

Osha bakuli kwa petroli. Tikisa boya karibu na sikio: ukisikia petroli ndani, limetoboka, nunua jingine. Tazama ncha ya sindano: ikiwa na alama ya kulika, petroli itafurika. Vijitundu vya shaba viitwavyo jeti vipulize kwa pampu. Usivichokoe kwa waya wa chuma! Tundu likipanuka, gari litakula petroli siku zote. Rudisha vyote kwa gasketi mpya.

Sasa rekebisha. Rudisha skrubu kwa hesabu uliyoandika. Kama hukuandika, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Washa injini, ipate moto, kisha zungusha skrubu polepole mpaka ingurume upesi na bila kutetemeka. Halafu punguza mwendo kwa skrubu ya pili.

Jambo moja zaidi. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari. Timau ni zaidi ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo petroli huzidi. Moshi mweusi kidogo mlimani si ajabu, lakini ukiuona hata Bulla Pesa, kabureta ina kosa.

Baada ya safari fungua plagi moja. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli ni nyingi mno. Ikiwa nyeupe, ni kidogo mno. Ikiwa na rangi ya chai, kazi yako ni njema.

Kumbuka, ndugu mkulima: usafi kwanza, skrubu baadaye. Anayezungusha skrubu ili kuficha uchafu atalipa kila aendapo kujaza tangi.