Chembe za dhahabu na chuma katika vita dhidi ya saratani

Wasomaji wetu wengi walioko ughaibuni wameshawahi kupokea simu kama hii kutoka nyumbani: mgonjwa ana uvimbe, daktari ameagiza tiba ya mionzi, tusaidieni. Leo tunaangalia jitihada za kuifanya mionzi hiyo ipige uvimbe zaidi na mwili kidogo.

Mwaka 1990 mjini Riyadh, mwanakemia mzaliwa wa Misri, Mostafa El-Sayed, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal ya sayansi. Mwaka 2005 yeye na mwanawe Ivan, daktari mpasuaji huko Marekani, walionyesha kuwa chembe za dhahabu zilizofungwa kingamwili hung'ang'ania seli za saratani ya kinywa kuliko seli nzima, na chini ya hadubini seli hizo hung'aa. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Dhahabu ina kazi nyingine. Ni metali nzito, hivyo hunasa eksirei kuliko nyama ya mwili, kisha hutoa elektroni zinazoharibu seli iliyo jirani. Mwaka 2004, James Hainfeld na wenzake huko Marekani waliwapa panya wenye uvimbe dhahabu pamoja na mionzi. Baada ya mwaka mmoja asilimia 86 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 20 waliopata mionzi peke yake. Lakini hao ni panya, tusisahau.

Kaskazini ya Jeddah, katika chuo kikuu cha KAUST kilichoko Thuwal, kundi la Jürgen Kosel lilichagua chuma, ambacho ni rahisi zaidi. Nyuzi zao ndogo mno za chuma huonekana katika picha za MRI, huvutwa kwa sumaku, hubeba dawa na kupata joto zikimulikwa kwa leza. Majaribio waliyoyatangaza mwaka 2019 yalifanyika katika seli za saratani ya matiti, maabara.

Kwa binadamu, hatua kubwa ilitoka Ufaransa. Mwaka huo huo wa 2019 chembe za hafniamu, zinazodungwa ndani ya uvimbe kabla ya mionzi, zilipata kibali cha Ulaya kwa saratani ya tishu laini. Katika majaribio, uvimbe ulikufa wote au karibu wote kwa asilimia 16 ya wagonjwa, dhidi ya 8 waliopata mionzi tu. Si muujiza, ila ni maradufu.

Hata hivyo, chembe za namna hii huongeza makali ya mionzi tu. Pasipo mashine, hakuna cha kuongeza. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika kabisa. Hospitali ya Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, na wengine wakabaki wakisubiri. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018.