Miguu Isiyotaka Kulala (2): Tuanze na Damu

Juma lililopita niliishia kwa mgonjwa anayeamka saa sita usiku, akatoka nje na kuzunguka uani mpaka jogoo wa kwanza, kwa sababu miguu yake haikubali kulala. Leo tuzungumzie nafuu. Nitaanzia Mwamanyili, wilayani Busega, upande ule wa mkoa wa Simiyu unaogusa Ziwa Victoria.

Huko niliketi jioni moja na familia yenye mama mjamzito wa miezi minane. Mchana kutwa alikuwa mzima, kachota maji, kasonga ugali. Ilipogonga saa mbili usiku, akiwa mkekani na wenzake, akaanza kukunja na kukunjua miguu. Nilipomuuliza kama inauma, akatikisa kichwa.

“Haiumi, babu. Ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mfupa. Nikisimama wanaondoka, nikikaa wanarudi.”

Mama mkwe wake alikwisha kutoa hukumu: mkamwana kakanyaga kitu.

Maneno na hali ya yule binti vina alama zote nne ambazo daktari huzitafuta: hamu ya kusogeza miguu isiyozuilika, kuanza mtu anapotulia, kupungua anapotembea, kuzidi jioni na usiku. Hakuna picha ya eksirei inayouonesha ugonjwa huu wa miguu isiyotulia. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa, basi, na ndiyo maana wengi hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu ambavyo haviwasaidii. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika mwaka 1672. Msweden Karl-Axel Ekbom akaueleza kwa kina mwaka 1945, na leo hii majina ya hao wawili ndiyo jina lake la pili. Ni maradhi ya zamani, na hayahitaji mchawi.

Hapa kwetu yamechunguzwa pia. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, mkoani Manyara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010: waliwakuta wagonjwa wachache mno ukilinganisha na Ulaya na Marekani, ambako kati ya watu wazima 100 huwapo watano hadi kumi wenye dalili. Msomaji asichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kumpuuza mgonjwa aliye mbele yake. Ugonjwa huu una sura mbili. Upo unaorithiwa katika ukoo, na upo unaoletwa na jambo jingine mwilini: ujauzito, figo kushindwa kazi, na kubwa kuliko yote kwa mazingira yetu, upungufu wa madini ya chuma.

Madini ya chuma hayatengenezi damu tu. Ubongo huyahitaji ili uunde dopamini, kemikali inayopeleka amri za mwendo. Chuma kikipungua ubongoni, mpangilio wa dopamini huyumba, na kwa kawaida yake dopamini hushuka usiku. Kwa hiyo miguu humsumbua mtu saa zilezile anazotaka kulala. Tena mtu anaweza kupimwa wingi wa damu akaambiwa uko sawa, kumbe ghala la chuma ni tupu. Kipimo cha ghala hilo huitwa feritini, na kwa kawaida hupatikana hospitali kubwa. Kwa mwenye miguu isiyotulia, madaktari hufikiria kumwongezea chuma hata feritini ikiwa 75 au chini, kiwango ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa cha kawaida.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ukiishi kando ya ziwa, ongeza kichocho, minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, na malaria. Kumpa mtu vidonge vya chuma huku safura inaendelea kunyonya ni sawa na kujaza mtungi uliotoboka. Choo na mkojo vipimwe kwanza.

Mjamzito hupewa fefo, yaani vidonge vya chuma, kliniki. Wengi huacha kuimeza wakiona choo kimekuwa cheusi. Choo cheusi kwa mtu anayemeza chuma ni kawaida, wala si dalili ya sumu. Kinachoharibu dawa ni kuimeza pamoja na chai ya rangi au maziwa, na sisi Wasukuma maziwa hatuyaachi. Imeze kwa maji, ukiweza na chungwa au limao, na chai isubiri saa moja au mbili. Dagaa na maini husaidia, mgagani pia kwa kiasi chake. Lakini mwenye selimundu, na Kanda ya Ziwa inao wengi, asijiongezee chuma kabla ya kupimwa, kwa kuwa mwilini mwake kinaweza kuwa kimezidi.

Jambo jingine ni dawa zinazochochea. Piriton, ambayo watu huimeza ili walale, inaweza kuikorofisha miguu zaidi. Metoklopramaidi ya kuzuia kutapika nayo hufanya hivyo, na baadhi ya dawa za sonona. Usiache dawa uliyoandikiwa, ila mwambie aliyekuandikia. Kahawa ya jioni, sigara na pombe, hivyo viache.

Usiku wenyewe, nyoosha misuli ya mashavu ya miguu, kanda kwa maji ya uvuguvugu, tembea kidogo. Kazi inayoshughulisha akili hutuliza pia. Yule mama aliniambia anapochambua mchele jioni, sisimizi humsahau. Ukisafiri kwa basi, omba kiti cha kando ya njia uweze kusimama. Na msibani, asiyeweza kukaa mkekani muda mrefu asiitwe mwenye dharau.

Wajawazito wengi hupona ndani ya majuma machache baada ya kujifungua. Kwa wengine ambao kuongezewa chuma hakukuwatosha, zipo dawa kama gabapentini, zinazotolewa na daktari. Zile za kuongeza dopamini huanza vizuri, lakini kwa miaka zinaweza kuufanya ugonjwa uanze mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi, hivyo siku hizi hazipewi nafasi ya kwanza.

Kama nyumbani kwako yupo anayetembea usiku kwa sababu hii, mpeleke zahanati juma hili. Mwambie mhudumu alama zile nne, kisha uombe apimwe wingi wa damu, choo na mkojo.