Majivu Yatosha: Tusiponde Paa la Zamani kwa Ajili ya Jiko

Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 20, Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja moshi wa kupikia miongoni mwa vinavyodhuru afya, hasa ya maskini. Ndiyo maana twahimiza jiko banifu la kuni. Chumba chake cha moto kizungukwe na majivu makavu yaliyochekechwa, kwani hewa iliyomo huzuia joto lisipotee. Udongo mzito hulinyonya kabla halijafika kwenye sufuria.

Ila tusijaze humo paa kuukuu la asbesto lililopondwa! Vumbi lake huleta saratani, ambayo yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Vipande hivyo visivunjwe, visikatwe, wala visifagiliwe vikavu. Hata majivu, tuyachekeche nje yakiwa yamepoa, tukiwa tumevaa barakoa, watoto wakiwa mbali. Na jiko lisilo na bomba bado lahitaji dirisha lililo wazi.