Kwa Nini Baadhi ya Bunduki za Kuwindia Hukosa Risasi Zinazofaa

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayeomba leseni ya kumiliki bunduki ya kuwindia, au anayeachiwa na mzazi wake aliyefariki, kwa kawaida huulizia bei ya silaha na masharti ya kuimiliki. Swali linalosahaulika ni la risasi: je, kwa kaliba iliyoandikwa kwenye mtutu huo risasi zinapatikana, na kama zipo ni za aina ngapi? Kwa kaliba zisizo na wanunuzi wengi, jibu mara nyingi huwa ni aina moja au mbili, na wakati mwingine hakuna kabisa.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa ndicho kinachomfikia mnyama, na ndicho chenye tofauti nyingi. Kwa swala na kuro hutumika kichwa laini ambacho hupanuka kinapoingia mwilini, mnyama akafa upesi. Kwa tembo huhitajika kichwa kigumu kisichopanuka, ili kipenye mfupa mnene na kufika ndani. Nyati yuko katikati. Wawindaji wengi humwanzia kwa kichwa kinachopanuka lakini kilichotengenezwa imara, kisha hufuatiliza kwa kigumu. Mwenye bunduki ambayo risasi zake ni za aina moja tu hana uchaguzi huo.

Chanzo cha uhaba ni kipenyo cha kichwa. Kila kipenyo kinahitaji vifaa vyake kiwandani, na kubadilisha mitambo kutoka kipenyo kimoja hadi kingine kunagharimu muda na fedha. Kipenyo cha inchi 0.308 kinatumiwa na kaliba kadhaa maarufu, zikiwemo .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum, hivyo kiwanda kinachotengeneza kichwa kimoja kinawauzia wenye bunduki hizo zote. Ndiyo maana vichwa vya kipenyo hicho vipo vya kila uzito na kila umbo.

Hali ni kinyume kwa .318 Westley Richards, kaliba ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1910 na kupendwa sana barani Afrika kabla ya Vita Kuu ya Pili. Jina lake lenyewe linapotosha, kwani kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.330, yaani takribani milimita 8.4. Vichwa vilivyozoeleka vya inchi 0.323 ni vyembamba mno kwake na havishiki mifuo ya mtutu. Vile vya 0.338 ni vinene mno na hupandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari. Hakuna kaliba maarufu inayochangia kipenyo hicho, na bunduki nzuri hubaki kabatini.

Pigo kubwa kwa kaliba za zamani lilikuja pale Kynoch ya Uingereza, iliyokuwa mtengenezaji mkuu wa risasi za bunduki kubwa za Kiafrika, ilipoacha kuzitengeneza katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bunduki za .404 Jeffery, ambazo idara za wanyamapori za wakati wa ukoloni zilizitumia kudhibiti tembo waharibifu wa mazao, zilikaa miaka mingi bila risasi mpya. Kaliba ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipata bahati: Remington ya Marekani ilipotoa .416 yake mwaka 1988, vichwa vya kipenyo hicho viliongezeka na kaliba kongwe ikafaidika. Hata .404 imerudi, ila chaguo lake bado ni finyu.

Iliyoepuka misukosuko hiyo ni .375 H&H ya mwaka 1912. Kiwango cha .375 ndicho cha chini kinachotakiwa hapa nchini kwa wanyama hatari, na hilo limeifanya ipatikane kuliko kaliba nyingine kubwa. Mfano wa upande wa pili ni 9.3x62, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1905 na kuenea miongoni mwa walowezi wa Kijerumani huku kwetu. Risasi zake bado ni nyingi Ulaya, lakini iko chini kidogo ya .375. Kwa hiyo wingi wa risasi pekee hautoshi. Kaliba nayo sharti ikubalike kwa mnyama aliyeandikwa kwenye kibali.

Madhara ya kutumia kichwa kisichofaa hayaishii kwa mwindaji. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na wanaotangulia kufuata nyayo zake ni wasaidizi na askari wa wanyamapori. Asipopatikana siku hiyo, hatari inahamia kwa mchunga ng'ombe au mkata kuni asiyejua lolote.

Kwa wageni wanaoleta bunduki zao, mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria. Mwenye kaliba adimu ambaye mzigo wake wa risasi umepotea njiani asitarajie kununua nyingine mjini.

Anayenunua bunduki asome maandishi yote yaliyo kwenye mtutu, siyo tarakimu za mwanzo peke yake, kisha amuulize muuzaji mwenye leseni ni vichwa gani anavyoweza kuagiza kwa kaliba hiyo. Afanye hivyo kabla ya kulipa. Anayeachiwa bunduki na marehemu akumbuke kwamba leseni hairithiwi. Aanzie kituo cha polisi, na asijaribu kamwe risasi ya kaliba jirani kwa sababu tu imeingia kwenye chemba.