JE, WAJUA? Baridi ya Dodoma humtesa kifaranga kuliko kuku mkubwa

Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi. Kuku mkubwa, ambaye mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, huivumilia baridi hiyo vizuri. Hutunisha manyoya yake, na hewa inayonaswa katikati humkinga kama blanketi. Akilala juu ya fito pana, huikalia miguu yake isipoe.

Kifaranga bado ana malaika tu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Watazame vifaranga: wakijikusanya chini ya taa ya kuwapasha joto wanahisi baridi, wakiikimbia wamezidiwa na joto.

Wafugaji wengi huziba banda lote kwa turubai, na hapo ndipo kuku huumia. Mvuke wa pumzi na hewa kali ya kinyesi hubaki ndani, mafua yakafuata. Ziba upande wa upepo wa kusini-mashariki hadi usawa wa kuku wanapolala, acha nafasi wazi chini ya paa, na maranda yawe makavu. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua vifaranga kimyakimya, hata mfugaji mwenyewe.

Ukuta mnene wa udongo, kama wa tembe la Wagogo, hutunza joto la mchana hadi usiku. Ukiwa na udongo, jengea banda.